Tanki la samaki wawindaji: nani akae na nani?

*"Habari Daktari. Naishi Mbezi Beach, nina tanki la maji chumvi lenye urefu wa sentimita 240, upana 70 na kimo 70. Lina mwezi wa nne sasa. Nia yangu ni tanki la samaki wakali watupu, mgeni akiingia sebuleni asimame kwanza. Nimeanza na samaki simba wa kama sentimita 15 na kikande mdogo wa sentimita 8, mweusi mwenye madoa makubwa meupe tumboni na mdomo wa njano. Wiki mbili za mwanzo walikaa vizuri. Sasa ncha za mapezi ya simba zinazidi kuwa fupi, amejikunyata kwenye kona na chakula hataki. Aliyeniuzia anasema niwalishe zaidi na niongeze samaki wengine ili ukali ugawanyike. Kuna mvuvi wa Kunduchi ameniahidi chewa mdogo na mkunga wa madoadoa, yule samaki mrefu kama nyoka. Watoto wanataka nemo, na mimi baadaye natamani papa mdogo. Nani anaweza kukaa na nani? Na je, ni kweli kwamba wakilelewa pamoja tangu wadogo huzoeana, na kwamba samaki hukua kufuata ukubwa wa tanki?"*

Ndugu yangu, tuanze na la leo, mengine yatasubiri. Anayekata mapezi ya simba wako ni huyo kikande, na hataacha. Watenganishe leo, usingoje Jumamosi.

Usimkimbize na wavu. Kikande akishtuka huingia kwenye tundu la jiwe, akasimamisha mwiba wa kwanza wa mgongoni, na mwiba wa pili ulio mdogo nyuma yake ukaukaza kama komeo la mlango. Hapo hata umvute vipi hatoki. Utamvunja mwiba au kumchana ngozi. Akiingia wavuni, mwiba huohuo unanasa kwenye nyuzi. Njia rahisi ni kusubiri usiku aingie tundu lake la kulala, halafu uinue jiwe zima polepole, naye akiwa humo, na kulitumbukiza kwenye ndoo yenye maji ya tanki hilohilo. Mwache atulie. Baada ya muda atalegeza mwiba na kutoka mwenyewe, nawe utalirudisha jiwe. Kabla hujaingiza mkono majini, mtu mwingine asimame na tochi akimwangalia simba alipo na akuambie akisogea. Glavu za mpira za jikoni hazizuii miiba yake.

Kikande atakaa kwa muda kwenye pipa la plastiki la lita 100 au zaidi, lenye pampu ya hewa, kipande cha bomba cha kujifichia na mfuniko. Kwa joto la Dar hahitaji hita. Badilisha sehemu ya maji yake kila siku hadi umpatie makao. Kama pipa huna, kata wavu mgumu wa plastiki ugawe tanki vipande viwili, ukijua kwamba hiyo ni ya siku chache tu.

Sasa turudi kwenye wasiwasi wako wenyewe. Naona swali lako lote limesimama juu ya neno "wakali", na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anadhani samaki wakali ni kundi moja, kwamba wote wakiwa na meno basi wanaheshimiana. Samaki simba si mkali hata kidogo. Ni mwindaji mpole mwenye mdomo mkubwa. Kikande wako hawindi samaki, lakini ni mgomvi. Ukitaka kujua nani akae na nani, uliza mambo matatu: mdomo wake unapanuka kiasi gani, anakulaje, na atakuwa na ukubwa gani akishakomaa. Ukali uje baada ya hayo.

Mtazame simba anavyokula, utaelewa. Anasogea taratibu, mapezi ya ubavuni ameyatandaza, anamfungia samaki mdogo njia mpaka kwenye kona. Wakati mwingine humpulizia mlengwa maji kwa mdomo, na yule akigeuka kuukabili mkondo, kichwa kinakuwa kimeelekea kwenye mdomo wa simba. Kisha taya linafunguka ghafla, maji yanavutwa ndani na samaki anakwenda nayo. Hatafuni wala haumi, anameza mzima mzima. Anaweza kumeza samaki anayekaribia nusu ya urefu wake mwenyewe. Ndiyo maana nemo wa watoto hawezi kuingia humo: angekuwa chakula cha jioni ya kwanza. Wapatie watoto tanki lao dogo la lita 100 pembeni, nemo wawili wanalitosha.

Kikande ni kiumbe kingine kabisa. Taya lake limeumbwa kuvunja kombe, kaa na urumo, yule wa miiba mirefu myeusi ambaye wazamiaji wetu wanamwogopa. Macho yamekaa nyuma sana, mbali na mdomo, ili miiba ya urumo isiyafikie anapomshambulia. Kazi yake mchana kutwa ni kupekua, kugeuza mawe na kuonja kila kitu kwa meno. Mweke pamoja na samaki anayeelea karibu bila kusogea, mwenye mapezi marefu yanayopepea: atayaonja hayo pia. Sumu ya simba haimsaidii hapa. Iko kwenye miiba, ni ya kumzuia anayetaka kummeza, wala haimfikii anayeng'ata ncha ya pezi kwa pembeni na kuondoka. Simba hakimbii kwa sababu hakuumbwa kukimbia. Anavumilia, anajikunyata, anaacha kula. Hicho ndicho unachokiona.

Wiki mbili za amani zisikushangaze. Samaki mgeni huanza kwa kujificha na kusoma mazingira. Akishajua tundu lake na saa za chakula, ndipo anapoanza kutawala. Na huyo uliyemnunua, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Balistoides conspicillum, ni miongoni mwa vikande wenye tabia ngumu zaidi. Akiwa na sentimita 8 anapendeza mno. Akikomaa anafika sentimita 50, na wengi wao hubadilika ghafla wakiwa wakubwa: samaki aliyekaa na wenzake mwaka mzima anaamka siku moja na kuanza kuwaua.

Hapo tumeshaligusa la "kulelewa pamoja". Kuzoeana kupo, lakini hakushindi mdomo. Samaki hawakui kwa mwendo mmoja. Chewa akilishwa vizuri atamwacha simba nyuma ndani ya miezi, na siku mdomo wake utakapomtosha jirani, hatakumbuka kwamba walikuja siku moja. Kushiba kunapunguza hatari, hakuiondoi, kwa sababu mwindaji wa kuvizia huamshwa na kitu kinachopita mbele yake kikiwa na ukubwa unaomezeka. Baharini mlo hauna ratiba, kwa hiyo anayevizia hawezi kuacha fursa ipite ati kwa kuwa alikula asubuhi.

La pili, kwamba samaki hukua kufuata tanki. Ukweli ni kwamba samaki aliyebanwa kwenye maji machafu na chakula duni hudumaa, na kudumaa ni ugonjwa. Hakuna kipimo ndani yake kinachomwambia ukuta uko wapi. Piga hesabu ya kwako: upana wa tanki ni sentimita 70, na kikande mzima ana sentimita 50. Atageukaje? Mkunga uliyeahidiwa, kama ni yule mweupe mwenye madoa meusi kama nyuki wametengeneza sega, huyo ni Gymnothorax favagineus, na urefu wake wa kawaida ni karibu sentimita 180.

La tatu, la kuongeza samaki ili ukali ugawanyike, lina asili yake. Wafugaji wa samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa hufanya hivyo, wanawajaza wengi kwenye tanki moja, na inafanya kazi kwa sababu wale ni wadogo, wanakula mwani, na ugomvi wao ni wa mipaka. Aliyekuuzia amechukua kanuni ya ziwani akaileta baharini. Kwa wawindaji wanaokula nyama, kila samaki unayemwongeza anazidisha uchafu majini na kupunguza hewa, na kikande hana haja ya kugawa ukali wake. Anao wa kuwatosha wote.

Basi uamuzi ulio mbele yako ni mmoja: tanki hili ni la nani, simba au kikande? Wote wawili huwezi.

Ukichagua kikande, unajenga tanki la watafunaji. Humo ataweza kuishi na bunju mkubwa mmoja, yule samaki anayejivimbisha, ambaye naye ana meno ya kuvunja kombe na hana mapezi marefu ya kuvutia, na mkunga mwenye mwili mnene. Ni tanki la kusisimua, samaki wanakujua, wanakuja kiooni ukipita. Lakini nakwambia kweli, kwa aina hii ya kikande mara nyingi mwisho wake ni samaki mmoja peke yake kwenye tanki zima. Kama unapenda vikande, badilisha huyu na Odonus niger, yule wa buluu iliyoiva mwenye meno mekundu. Huyo hula zaidi viumbe vidogo vinavyoelea kwenye maji, na ukimlinganisha na vikande wengine ana adabu. Hata hivyo simba bado asiwemo.

Ukichagua simba, na mimi ningemchagua yeye, unajenga tanki la wapole wenye midomo mikubwa pamoja na majirani wasiomezeka. Kwa lita zako ningependekeza hivi.

Simba abaki mmoja, au wawe wawili wa ukubwa sawa. Aina ya pwani yetu, Pterois miles, hufika sentimita 35 hivi.

Mkunga awe Echidna nebulosa, yule mwenye rangi nyeupe iliyochorwa mabaka meusi yenye vijidoa vya njano. Anapatikana kwenye mwambao wetu, kwenye mabwawa ya miambani maji yakitoka. Meno yake ni butu, ya kuvunja kaa, tofauti na meno ya sindano ya wale walaji samaki. Hufika sentimita 70 hadi mita moja. Mpe bomba la plastiki la inchi 3 lililofukiwa nusu kwenye mchanga, na mfuniko wa tanki usiwe na upenyo hata wa waya, maana mkunga hutoroka, na utamkuta asubuhi kakauka nyuma ya kochi. Mikunga wana taya la pili kooni. Mwaka 2007 watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walionyesha jinsi linavyosogea mbele, likakamata mlo na kuuvuta ndani. Nalitaja ili ujue kwa nini mkunga akikushika kidole hupaswi kuchomoa kwa nguvu.

Wa rangi na mwendo, weka tasi wawili au kangaja mmoja mkubwa. Hawa mwili wao ni mpana, umesimama wima, simba hawezi kuwameza wakiwa na sentimita 15 na kuendelea. Wanakula mwani unaoota kwenye mawe, kwa hiyo watakufanyia usafi. Tasi ana miiba ya sumu yake mwenyewe, na kangaja ana wembe kwenye shina la mkia, kwa hiyo hakuna anayewachezea. Najua mtu wa pwani akisikia tasi anawaza kikaango, lakini tasi aliye hai ana madoa ya kupendeza kuliko samaki wengi wanaoletwa kwa ndege kutoka Indonesia.

Sasa chewa. Neno hili linabeba samaki wengi mno. Wapo wa sentimita 40, na yupo Epinephelus lanceolatus anayepita mita 2. Chewa wa sentimita 10 aliyenaswa kwenye dema, ule mtego wa kusuka, hata mvuvi mzoefu anaweza asijue kwa uhakika atakuwa nani. Ukimtaka chewa, mchukue mwekundu mwenye vidoa vya buluu, Cephalopholis miniata, anayeishia kwenye sentimita 45 hivi, na aingie wa mwisho kabisa, akiwa mdogo kuliko simba, huku ukijua kwamba miaka miwili baadaye unaweza kulazimika kumhamisha. Mimi ningesubiri. Tanki lako bila chewa lina utulivu, na utulivu ndio unaomfanya simba atoke kwenye kona na kutandaza mapezi mbele ya mgeni wako.

Papa achana naye. Hata wale wadogo wa kulala chini wanaouzwa wakiwa kwenye yai hufika karibu mita moja, na wanahitaji bwawa.

Kuhusu huyo mvuvi wa Kunduchi, muulize mambo mawili kabla ya fedha. Amemvua wapi, na kwa njia gani. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na kuvua humo ni kosa. Kukusanya samaki hai kwa biashara kunahitaji leseni, na Afisa Uvuvi wa Kinondoni atakueleza utaratibu. Matumbawe hai usikubali uletewe hata bure. Njia ya kuvua ni muhimu kwa afya ya samaki pia. Aliyevutwa haraka na mshipi kutoka kina kirefu, kifuko chake cha hewa huvimba tumboni, anaelea kichwa chini na mara nyingi hufa siku chache baadaye. Aliyepigwa na utupa, sumu ya kuvulia, au aliyekuwa karibu na baruti ataonekana mzima ndooni na kufa kwako. Wa dema, aliyetolewa taratibu, ndiye wa kununua.

Yeyote atakayeingia, akae kwanza peke yake wiki 4 hadi 6 kwenye pipa la karantini. Ugonjwa wa vidoa vyeupe, unaosababishwa na kijidudu kiitwacho Cryptocaryon irritans, ukishaingia kwenye tanki kubwa utausumbukia kwa miezi. Dawa yake ya kawaida ni shaba, na mikunga na bunju wanaiumia haraka kwa sababu hawana magamba ya kuwakinga. Kwa hiyo usimimine dawa kwenye tanki zima.

Kwenye chakula nataka tukae kidogo, maana samaki simba wengi ninaoitiwa majumbani hawakuumwa na mwenzao. Wameuawa na mlo. Mwenye tanki anawapa dagaa kila siku kwa sababu ni rahisi na wanawapenda. Baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa, pamoja na kamba, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kuwagandisha hakukiui. Miezi inapita, simba anaanza kulenga mlo na kuukosa, anazunguka ovyo, taya linagoma kufunguka. Wengine wanawapa vifaranga wa perege walio hai. Hao ni wa maji baridi, mafuta yao si yale anayohitaji samaki wa bahari, na ini la simba huharibika polepole.

Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, nunua mchanganyiko: ngisi, pweza kidogo, samaki mwenye nyama nyeupe, kamba wachache, na kaa kwa ajili ya mkunga. Osha, kata, gandisha kwenye mafungu madogo. Kipande cha simba kisizidi upana ulio kati ya macho yake. Tia vitamini B1 ya unga kwenye kipande mara moja kwa wiki. Wa sentimita 15 anatosha kula siku moja akaruka moja. Akikomaa, mara mbili au tatu kwa wiki. Mkunga mara mbili. "Niwalishe zaidi" ni ushauri unaoua maji kwanza na samaki baadaye.

Kumfundisha simba kula kilichokufa, chomeka kipande cha ngisi kwenye ncha ya kijiti cha plastiki kisicho na rangi, kipitishe mbele yake kwa kusitasita, kama kinachoogelea kikapumzika, kisha kisimamishe. Akikitazama bila kuja, kitoe, jaribu kesho. Kwa sasa, akiwa ameogopa, anza na kamba wadogo walio hai kwa siku mbili tatu, halafu changanya. Akiondokewa na kikande, mara nyingi hamu hurudi ndani ya siku chache. Mapezi nayo huota tena kwa muda wa wiki kadhaa, ilimradi hayakuliwa hadi kwenye shina.

Maji. Tanki lako likijaa hadi ukingoni ni lita 1,176. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, una kama 1,000. Walaji nyama hutoa amonia nyingi, na kwenye maji ya bahari yenye joto sumu yake ni kali zaidi kuliko kwenye maji baridi. Amonia na nitriti zisome sifuri. Nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita. Hiyo ina maana ya skima, mashine inayotoa uchafu majini kwa povu, iliyo kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwa ukubwa wa tanki lako, na kubadilisha lita 200 kila wiki, yaani ndoo 10 za lita 20. Ukichota maji Kunduchi, chota wakati wa maji kujaa, mbali na midomo ya mito, na wakati wa masika acha kabisa wiki za mvua kubwa: chumvi hushuka na maji ya mitaro yanafika mbali kuliko unavyodhani. Maji ya visima vya Mbezi usiyatumie kuchanganyia chumvi bila kuyapima.

Umeme ukikatika, shida ya kwanza ni hewa. Maji ya bahari yenye nyuzi joto 29 yakishiba hubeba kama miligramu 6.3 za oksijeni kwa lita. Kwa tanki lako lote ni gramu 6 na ushee tu, na samaki wakubwa watano, mawe na bakteria wote wanazivuta. Nunua pampu mbili za hewa zinazojiwasha zenyewe kwa betri umeme ukiondoka. Inveta ya kuendeshea pampu ya mzunguko ni bora zaidi, na jenereta linafaa kama kuna mtu nyumbani wa kuliwasha saa nane usiku. Usiwalishe umeme ukiwa umekatika.

Nisipolisema hili nitakuwa nimekukosea, kwa sababu una watoto na huenda una dada wa kazi anayesafisha vioo. Simba ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, 3 nyuma ya tumbo na 2 kwenye mapezi ya tumbo. Hakuna anayeingiza mkono humo isipokuwa wewe, na mfuniko uwe na kufuli. Mtu akichomwa, zamisha sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 43 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Sumu hii ni protini na joto huivunja. Joto la maji lipimwe kwa mkono ambao haujachomwa, maana uliochomwa hauhisi sawasawa na unaweza kuungua. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Kisha nenda hospitali iliyo karibu hata kama maumivu yamepungua, kwa ajili ya vipande vya mwiba vilivyobaki na sindano ya pepopunda. Akipumua kwa shida, akizimia au uvimbe ukipanda, msisubiri dakika za maji ya moto ziishe, mkimbizeni.

Kikande umrudishe kwa aliyekuuzia, au umpe mwenye tanki la watafunaji. Usimpeleke Msasani ukamwachia baharini kwa nia njema. Hujui alitoka bahari gani, na samaki wa tanki hubeba magonjwa hata akionekana mzima. Ndugu zake simba wameshaonekana Florida tangu 1985, mahali ambapo hawakuwepo, na sasa wameenea Karibiani yote wakila samaki wachanga wa huko.

Mambo mawili yanahitaji mtu afike nyumbani. Kwanza, kama tanki liko ghorofani: maji, kioo, mawe na stendi yake vinavuka tani moja na nusu, na hilo ni swali la mhandisi wa majengo, fundi aliyeweka tanki hawezi kulijibu. Pili, simba mwenyewe. Ukiona ncha za mapezi zina utando mweupe kama pamba, au mistari myekundu inapanda kuelekea mwilini, au zimepita siku 10 tangu kikande atoke na bado hajala hata kamba hai, mwite daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki. Mwekee tayari chupa ya maji ya tanki na vipimo vya wiki mbili vilivyoandikwa. Ukikosa daktari, hapo Kunduchi pana TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na idara ya samaki ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anzia huko, uliza nani anaweza kukuelekeza.

Mvuvi mwambie chewa asubiri. Mkunga mdogo mwenye meno butu akimpata kwenye dema, na pipa lako la karantini likiwa tupu, mchukue.